Kwa Nini Nyumba za Mgwalasi Zinaipa Reli Kisogo

Apa kwanza. Usinitolee macho, apa! Sema, "Shangazi, haki ya Mungu, sitamwambia mtu." Haya. Sasa sema tena, maana hiyo ya kwanza umesema huku unacheka. Nikisikia neno hili limerudi kutoka dukani kwa Msanjila nitajua ni wewe, kwa sababu mimi hapa sijamwambia mtu mwingine. Labda dada zako, lakini hao ni damu. Na mke wa stesheni masta, lakini yule ni msiri. Na wale wa kwaya siku ile ya mvua. Basi, ni hao tu! Ha! Usinichekeshe, nitaungua na hili sufuria.

Jana uliposhuka kwenye ile treni ya abiria, hiyo moja inayosimama siku hizi, ukaniambia, "Shangazi, mbona huu mji kama umenuna?" Nilicheka mpaka yule wa mkokoteni akadhani nimepandwa na kitu. Lakini umesema kweli, mwanangu. Mgwalasi imenuna. Ukiwa ndani ya treni unaona ukuta, halafu ukuta, halafu ukuta. Tembe, hizi nyumba zetu za udongo, zimejipanga kando ya reli kama watu waliogombana, hakuna mlango, hakuna dirisha, hata tundu la panya kuchungulia. Stesheni peke yake ndiyo inaitazama reli, na yenyewe ni kwa kuwa ya serikali, haina la kufanya. Mgeni akiuliza, wazee wanamjibu, "Ni vumbi." Vumbi! Vumbi la huku linatoka kila upande, hata juu linatoka. Ingekuwa ni vumbi tungekuwa tunaishi kisimani.

Si vumbi. Sogea, nikwambie.

Zamani, treni zilikuwa zinakunywa maji. Ndiyo, kama ng'ombe! Ile injini ya moshi ilikuwa inakimbia pori lote hili inahema, ikifika hapa ulimi uko nje, ikasimama chini ya tangi, ikanywa. Na ikinywa ilikuwa haina haraka. Mgwalasi nzima imezaliwa na kiu ya ile injini. Kabla yake hapa palikuwa miiba na digidigi. Walipochimba kisima na kuweka tangi, watu wakaja, maana treni ikisimama kunywa, abiria nao wana njaa. Wagogo wakaja na kuku na asali. Wanyamwezi waliokuja kutandika mataruma ya reli wakaona hapa panafaa, wakabaki. Mhindi mmoja akafungua duka la chumvi na mafuta ya taa. Kila aliyejenga akaelekeza mlango kwenye reli. Mlango ndio ulikuwa duka, ndio ulikuwa baraza, ndio ulikuwa gazeti. Mama anakaa mlangoni na sinia la mayai, treni inaingia, anauza, anasikia habari za Dodoma na za Tabora bila kuinua makalio. Nyuma ya nyumba hakuna aliyekuwa anapajua. Nyuma ni kwa kumwaga majivu.

Na wanaume wa hapa, karibu wote, wakachukuliwa na reli. Huyu anachochea kuni kwenye injini, huyu anagonga mataruma, huyu gadi, anakaa behewa la mwisho na bendera yake. Basi wakawa wanaume wa kupita. Mke yuko hapa, mume yuko njiani, anamwona akipita. Na ndipo ikaja ile desturi yao, ambayo mimi sijaisikia kwingine popote, na nimetembea mimi.

Desturi ni hivi. Treni ya mumeo ikikaribia, unafungua mlango, unauacha wazi mpaka behewa la mwisho lipite. Maana yake: bado nipo, bado ni wako, rudi. Ukichoka na mume, huendi kwa wazee, huendi kwa padri, huendi kwa shehe. Siku treni yake inapita, unafunga mlango. Basi! Ndoa imekwisha. Talaka ya bure, mwanangu, hata soda hainunuliwi! Haaa! Na mwanaume akiona mlango umefungwa, hashuki kuuliza. Kuuliza ilikuwa aibu kubwa. Mtu anameza mate yake, anaendelea na safari, na shati lake lililobaki ndani linakuwa tambara la kufutia taa. Watu wa hapa walikuwa wanajisifia jambo hilo. Walikuwa wanasema, "Sisi Mgwalasi hatugombani." Kweli, ugomvi hawakuwa nao. Walikuwa na milango.

Halafu zikaja injini zisizokunywa maji. Zinakunywa mafuta, tena zinayanywea hukohuko mbali. Mara ya kwanza ilipopita bila kusimama, kina mama walikimbia nayo na masinia yao mpaka kule kwenye kona, wanadhani dereva amesinzia. Hakuwa amesinzia. Ikapita na kesho yake, ikapita na wiki iliyofuata, na mayai yakaoza. Tangi likakauka, kunguru wakajenga ndani. Pampu ikafungwa, na kina mama wakaanza kuteremka korongoni kuchimbua maji kwenye mchanga, mwendo wa kutoka na jua likiwa changa ukarudi limeshakomaa. Yule Mhindi akafunga mizani yake kwenye gunia akaondoka. Wenye pa kwenda wakaenda. Waliobaki ni wake za watu wa reli, na milango yao. Na mlango sasa ndio ulikuwa kila kitu, maana treni haisimami, huwezi hata kumpa mumeo kikombe cha maji. Unafungua tu, anaona, amepita.

Kati yao alikuwepo Sechelela. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mtaratibu. Si kama mimi! Huyo alikuwa akicheka anafunika mdomo. Mumewe Mayunga alikuwa gadi wa treni za mizigo. Ile treni ikipita, Mayunga anasimama kwenye kibaraza cha behewa la mwisho, na akifika usawa wa mlango wake anainamisha bendera ya kijani, kidogo tu, kama mtu anayemwamkia mkwe. Sechelela mlangoni haitiki, hapungi mkono. Anatazama tu. Lakini siku hiyo ukienda kumwomba chumvi anakupa na sukari.

Watoto hawakujaliwa. Likizo ilikuwa ya kuchungulia, Mayunga anashuka stesheni kubwa ya mbele, anarudi na kiberenge, kile kigari cha relini cha wakagua njia, analala siku chache, huyo tena. Basi likizo ya mwisho wakakubaliana. Mayunga alimwambia, "Mtama ukishavunwa, naacha kazi. Nitapita mara moja ya mwisho, nione mlango wangu, nikifika mbele nakabidhi bendera, narudi na kiberenge. Sitaondoka tena." Sechelela alilima mwaka ule kama ana watu wanne ndani yake. Akakandika ukuta upya. Akanunua blanketi.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Kalunde. Kalunde alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mdomo haukauki, na alikuwa na mbuzi. Hao mbuzi! Walikuwa hawana adabu hata kidogo. Walikula kanga za watu kwenye kamba, walikula sabuni. Kila siku Sechelela anamwambia, "Kalunde mdogo wangu, funga mbuzi wako." Na Kalunde anajibu, "Nitawafunga, dada." Nani kamfunga nani?

Mtama ukavunwa. Ikafika siku ambayo treni ya Mayunga ilikuwa ipite jioni. Asubuhi Sechelela akafagia, akatandaza mtama ndani kwenye mkeka, mzuri, mweupe, wa kumpokelea mume. Akaacha mlango wazi, maana treni ya mizigo haina saa, akachukua ndoo, akateremka korongoni. Alitaka mume akirudi akute maji ya kuoga yamejaa mtungi.

Treni ikawahi. Hata mwaka huu haijawahi kuwahi, siku ile ikawahi.

Kalunde yuko kwake anasuka mkeka. Anasikia kishindo ndani kwa Sechelela, anachungulia: mbuzi wake wamo ndani, wamesimama juu ya ule mtama, wanatafuna utadhani wamealikwa. Kalunde akaruka na mwiko. Akawacharaza, akawatoa mmojammoja kwa masikio, akawa anasema, "Leo mmeniua, leo mmeniua." Wametoka hao wanazunguka kurudi. Afanye nini? Akavuta mlango. Akaufunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. Akageuka, anahema, jasho linamtoka, na treni ndiyo hiyo inapita mbele yake.

Behewa la mwisho likaja. Mayunga yupo kwenye kibaraza, bendera mkononi. Na Kalunde, kwa furaha ya kumwona shemeji, na mtama umeokoka, kichwa chake hakikukumbuka kitu chochote. Akainua mkono juu kabisa, akampungia. "Shemejiii! Shemejiii!"

Mwanangu. Yule mtu aliuona mlango wake umefungwa, na jirani amesimama mbele yake anampa mkono wa kwaheri.

Bendera haikuinama. Mayunga aligeuza uso akatazama upande wa pili, kwenye pori, ambako hakuna kitu. Hapo ndipo Kalunde akakumbuka. Akarukia ile kamba, mafundo hayafunguki, akayakata kwa meno, akasukuma mlango ukagonga ukuta, akakimbia juu ya mataruma anapiga kelele, "Uko wazi! Uko wazi! Shemeji, tazama!" Treni ilikuwa imeshakunja kona.

Sechelela aliporudi na ndoo akakuta mlango wazi, mtama umepungua kidogo. Akauliza, "Imepita?" Kalunde akasema, "Imepita, dada." Akauliza tena, "Ameona?" Na Kalunde akasema, "Ameona."

Hakusema uongo, eti. Ha! Nacheka, lakini hakichekeshi.

Sechelela akachinja jogoo. Kiberenge kikaja, kina wakagua njia, Mayunga hamo. Akala mguu mmoja wa jogoo, mwingine akampelekea Kalunde. Kiberenge kikaja tena. Hamo. Treni ya mizigo ikapita, kwenye kibaraza kuna gadi mwingine, kijana wa kutoka Tabora anaitwa Kapela. Sechelela akaendelea kufungua mlango. Kila treni, anafungua. Watu wakaanza maneno yao. "Amepata mwingine." "Ameacha kazi, amelewea njiani." "Wanyamwezi wale hawana kurudi." Wanasema mbele ya Kalunde, na Kalunde aliyekuwa mdomo haukauki, sasa anasuka mkeka anaufumua. Mbuzi akawafunga. Kuwafunga gani tena huko!

Mvua ikanyesha, ikakatika. Siku moja ng'ombe wakalala juu ya reli kule konani, treni ya mizigo ikasimama Mgwalasi kwa mara ya kwanza tangu tangi likauke. Watu wakatoka kama harusi. Kapela, yule gadi kijana, akashuka kunyoosha miguu, akamwona Sechelela amesimama mlangoni. Akamwendea, akamwamkia Kigogo, anamtania, lakini utani una mwiba ndani.

"Mbukwa, shemeji. Wewe mwanamke wa ajabu. Mwenzangu umemfungia mlango, mimi nikipita unanifungulia. Nikuelewe vipi?"

Sechelela akasema, "Nimemfungia nani?"

"Mayunga. Si mumeo? Aliona kwa macho yake. Mlango umefungwa kwa kamba, na jirani yako huyu kasimama anampungia kwaheri."

"Mayunga yuko wapi?"

Kapela utani ukamwisha. Akavua kofia. "Alifika mbele hakukabidhi bendera. Aliomba apelekwe njia ya kule ziwani, siku ileile. Amefanya kazi kidogo, akaacha, akavuka maji na wavuvi. Nimemuulizia mimi mwenyewe, shemeji. Hakuna anayejua alikokwenda."

"Na hakuuliza? Hakumtuma mtu aje aniulize?"

"Nani anauliza? Nyie watu wa Mgwalasi si hamuulizi."

Ng'ombe wanafukuzwa kule, unasikia fimbo tu. Ndipo Kalunde akasema, sauti kama ya kifaranga, "Mbuzi, dada. Walikuwa mbuzi. Walikuwa wanakula mtama."

Sechelela akamtazama. "Mbuzi wa nani?"

"Wangu."

Kuna mtu kule nyuma alicheka. Alicheka kwa sababu ya kushindwa, kama ninavyocheka mimi, hakuwa mbaya. Sechelela hakucheka, hakulia, hakumpiga Kalunde. Honi ikalia, Kapela akakimbia behewa lake, treni ikaondoka. Sechelela akaingia ndani akatoka na jembe.

Walidhani anamwua mtu. Wanawake wakamkinga Kalunde. Lakini yeye akapita katikati yao, akaung'oa ule mlango, akaulaza chini, akaanza kuchimba udongo. Mzee wa pampu, yule aliyekuwa akijaza tangi enzi zile, akamuuliza, "Sechelela mwanangu, unafanya nini?" Akamjibu, na hayo ndiyo maneno yake, wazee wote wa hapa wanayajua hata wakijifanya hawajui:

"Mlango umesema nisiyoyasema. Sitaki tena kitu cha kunisemea. Mtu akitaka kujua kama namngoja, ashuke, azunguke nyumba, aniulize mimi."

Akakandika. Pale palipokuwa mlango akapaziba na udongo na fito, akapapiga pakawa ukuta. Halafu akaenda nyuma, kule kwa kumwaga majivu, akavunja ukuta akatoboa mlango mpya, unatazama pori. Udongo unataka maji, na maji yako korongoni. Kalunde hakuambiwa. Alichukua ndoo akateremka, akapanda, akateremka, akapanda. Anamwaga maji kwenye udongo, Sechelela anakanyaga, hawatazamani. Mpaka ukuta ulipokauka ndipo Sechelela akamwambia neno la kwanza. Alimwambia, "Kaoge, umechafuka."

Kalunde akaoga, akaenda kwake, akaung'oa mlango wake akaugeuza. Jirani wa pili naye akageuza. Wengine walikataa kwanza, mzee wa pampu alisema yeye hawezi kuishi akitazama miiba, mkewe akamwambia basi aishi na pampu. Haaa! Akageuza. Masika iliyofuata iliukuta mji wote umegeuka.

Wageni wanaona tumenuna. Kumbe, mwanangu, zile nyumba zimenyamaza. Hapo mwanzo abiria walikuwa wanapunga mikono wakipita. Ukuta nani ataupungia? Wakaacha. Siku hizi wanapita wanatazama simu zao, na nasikia wanaulizana, "Hivi hapa panaishi watu?" Panaishi. Tupo huku nyuma.

Sechelela alizeekea pale. Mlango wake ulikuwa wazi kila siku, unatazama pori, jua linamzamia mapajani. Treni ikisikika anasimamisha mchi. Inapita nyuma ya ukuta, inatikisa vyungu, inakwisha. Anangoja kidogo, anasikiliza kama kuna miguu inazunguka nyumba. Halafu anaendelea kutwanga. Wazee walitaka Kalunde afukuzwe, arudi kwao. Sechelela mwenyewe ndiye aliyekataa. Aliwaambia, "Tena jina lake msilitaje kwa watu. Kwenye ukuta huu tumebaki mimi na yeye. Mkimfukuza, nitaongea na nani?" Ndiyo maana wanasema vumbi. Walimwahidi.

Alikufa kiangazi, mchana. Kalunde ndiye aliyemwosha.

Na tangu siku ile mlango wa Sechelela ulipozibwa, Mgwalasi hakuna ndoa inayovunjwa kwa mlango. Mtu akimchoka mwenzie anamwambia usoni, na mwenzie anamjibu usoni, na majirani wanasikia mpaka la mwisho. Zile kelele zilizokuamsha leo ukadhani kuna mwizi, ni Ndahani na mkewe wanaachana. Wanaachana kila mwezi wale! Na aliyetoka mbali, awe mume, awe mtoto, awe mtu tu amekosea kituo, lazima ashuke, avuke mataruma, azunguke nyumba, apige hodi kwa mdomo wake mwenyewe. Akizunguka atakuta pako wazi. Wengi hawazunguki. Wanaona ukuta, wanapita.

Unaniuliza nimeyajuaje, mimi mtu wa kuolewa tu hapa? Nimeambiwa na Kalunde mwenyewe. Ndiye mama mkwe wangu, yule bibi aliyekuuliza asubuhi kama umekula. Aliniambia siku namsugua mgongo.